Maman Ametoa Mukasi

Nsimire wangu,

Papa wako ananicheka. Amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, ananiuliza, "Barua ya nini tena? Si mutoto atarudi sasa hivi, umuambie na kinywa?" Nimemwambia aende akasikilize redio yake. Wewe umeteremka Nyawera kumuaga mama yako wa ubatizo, na kwa jinsi yule mama anavyopenda kuongea, hutarudi kabla chakula hakijapoa. Kwa hiyo nina nafasi. Kesho bandarini sitakuwa na kinywa cha kusema lolote. Nitalia tu mbele ya watu, unanijua, nawe utaona haya.

Habari za chumvi, za blanketi, za kuchemsha maji ya kunywa, zote nimekwisha kukuambia, nawe umekwisha kuguna. Sizirudii. Kuna neno moja tu ambalo sijakuambia, na najua unalisubiri tangu siku ile tulipogombana. Kesho unakwenda kisiwani Idjwi kufundisha, na mama yako hajasema bado kwamba anakubali. Nimekupikia, nimekushonea, nimekufungia sanduku, lakini neno lenyewe nimelimeza kila lilipofika mdomoni. Acha nilifikie taratibu, kwa njia yangu.

Unakumbuka maji?

Katika kazi yetu hapa Bukavu kuna desturi ambayo hakuna anayekufundisha, lakini kila fundi wa nguo anaijua. Fundi anashona mbele ya watu, anapiga pasi mbele ya watu, anasema habari za jirani mbele ya watu. Lakini kukata, anakata peke yake. Mteja akileta kikwembe, kitambaa kipya cha kukatiwa gauni, wasichana wanaojifunza wanatumwa: huyu maji, huyu makaa ya pasi, huyu uzi sokoni. Wakirudi wanakuta vipande viko tayari mezani, na kazi yao ni kuviunganisha. Miaka inapita hivyo. Msichana anajua kupiga mshono ulionyooka vizuri kabisa, lakini mpe kikwembe kizima na mkasi, hajui aanzie wapi.

Nawe, mjanja mdogo, uliijua desturi hiyo kabla hujajua kusoma. Ulikuwa ukicheza chini ya meza yangu pale Kadutu, na mara tu uliposikia droo inafunguka ulipiga kelele: "Maman ametoa mukasi! Twende maji!" Wasichana walicheka, wakabeba ndoo, wakaenda. Mimi pia nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile nasikia vibaya.

Maana mimi mwenyewe sikufundishwa hivyo.

Nilikuwa msichana mgeni mjini, nimetoka Kabare na tope miguuni, nakaa kwa shangazi yangu. Shangazi alinituma kwa Maman Cibalonza na gauni lililofumuka kwapa. Maman Cibalonza alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kufukuza mbuzi, na hakuwa na meza. Alikata nguo chini, kwenye mkeka, barazani, mbele ya kila mpita njia. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiinua kitambaa, akahitaji mtu wa kukishika, na siku ile mtu aliyekuwa karibu ni mimi.

"Weye, mutoto! Shika hapa."

Nikashika. Huku akikata alikuwa akiongea, sijui na mimi au na kitambaa: "Hapa njo bega. Hapa mutu anapumua, achilia kidogo. Hapa anakaa chini, usimubane." Kesho yake nilirudi bila kutumwa. Kesho kutwa pia. Shangazi alidhani nina mchumba upande ule.

Siku moja akanipa mkasi. Kikwembe kilikuwa cha mke wa karani mmoja, chenye ndege wakubwa wa bluu, na mwenyewe alikuwa amekionyesha mtaa mzima kabla ya kukileta. Nikakata mbele, vizuri. Nikakata mgongo. Tulipoviinua vipande, ndege wa mbele walikuwa wanapaa, na wa mgongoni walikuwa wanaanguka vichwa chini. Nilikuwa nimegeuza kitambaa bila kujua. Nsimire, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenye kikwembe alipokuja, nilijificha nyuma ya mlango. Nikasikia anafoka, "Nani alikata hii? Nani?" Maman Cibalonza hakutazama hata upande niliokuwa. "Ni mimi nilikata," alisema. "Macho inazeeka, maman. Ngoja nikupatie ingine." Akaingia ndani, akafungua sanduku lake, akatoa kikwembe alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya Noeli, akampa. Yule mama alipoondoka nilipiga magoti, nikalia, nikaapa kwamba nitamtumikia mpaka nimrudishie wema wake. Alinitazama kama mtu anayempotezea muda.

"Unirudishie nini? Mimi niko na kazi. Amuka. Kesho utakata tena, na utaanza na kutafuta kichwa ya ndege."

Mpaka leo sikati kitambaa kabla ya kutafuta kichwa cha ndege, hata kama ni kikwembe cha maua. Maman Cibalonza amekwisha kufa, Mungu amlaze mahali pema, na sikuwahi kumrudishia kitu. Wakati ule sikuelewa kwamba hakutaka kirudi kwake.

Sasa utaniuliza, mtu aliyefundishwa hivyo anawezaje kuja kuufungia mkasi wake ndani ya droo? Ni woga, mwanangu. Nilipofungua ateliye yangu ya kushonea, maduka makubwa ya mjini yalikuwa yamenyang'anywa wageni na kupewa wenyewe wapya, vikwembe vizuri vilikuwa vya kutafuta, na siku nyingine mteja alikuwa mmoja tu. Jirani yangu, yule fundi aliyekuwa akishona abakosti, zile suti za wakubwa, alikuja siku moja kuomba makaa akamkuta Furaha, msichana niliyekuwa nikimfundisha, ameniinamia nikikata. Baadaye akaniambia pembeni, kwa sauti ya kunipenda sana: "Maman Nsimire, angalia. Ukimuonyesha kukata, kesho anafungua mulango mbele ya mulango yako." Nikaona ana akili. Nikajiambia kwamba ni kwa ajili yako, kwa ajili ya masomo yako. Woga hauji ukitaja jina lake. Kwangu mimi ulikuja unajiita busara, nami nikaupa kiti. Tangu siku hiyo Furaha akawa anatumwa maji.

Furaha ulimpenda. Ndiye aliyekusuka siku ya komunyo yako ya kwanza, ukalia kwamba amekuvuta nywele, kisha ukakataa kufumuliwa wiki nzima. Alikuja kwangu ukiwa unang'oka meno, akaondoka ukiwa umeanza sekondari pale lise. Aliolewa na mchuuzi wa Kamituga. Nilimpa sufuria mbili na maneno matamu mengi, nikacheza kwenye harusi yake mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Alichokuja kukitafuta kwangu sikumpa.

Unakumbuka nilipokwenda Kamituga kwenye matanga ya mjomba wangu? Niliporudi uliniuliza mbona niko kimya, nikakuambia ni barabara, ni lori, ni matope ya Mwenga. Haikuwa barabara.

Furaha alisikia kwamba niko pale, akaja kunichukua mwenyewe. Alinipikia kuku, bugari na sombe, akaita majirani. "Huyu njo mwalimu wangu," akawaambia, "Maman Nsimire wa Bukavu." Alisema hivyo na uso umejaa fahari. Mashini yake ilikuwa pembeni, na kando yake rundo la suruali za wachimba dhahabu, zote zimetoboka magoti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, viraka. Tulipokuwa tunakula akaingia mama mmoja na kikwembe kipya kabisa. Akanisalimu kwa heshima, akaniomba nikipeleke Bukavu, nikamkatie na kumshonea huko, halafu nikitume na lori. Alisema hayo ndani ya nyumba ya Furaha, mbele ya mashini ya Furaha. Furaha aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta chumvi.

Baadaye tulipokuwa tunaosha sahani wawili, akaniuliza polepole, kama mtu anayeomba msamaha: "Maman, siku zile ulikuwa unatutuma maji… ulikuwa unaanzia wapi?"

Mkasi ulikuwa ndani ya mfuko wangu, maana fundi hatembei bila mkasi. Kikwembe kilikuwa mezani. Ningesema tu, shika hapa. Badala yake nikamwambia, "Ni mukono tu, mwanangu. Mukono inazoea." Akaitikia, "Ndiyo, maman." Kesho yake nilipanda lori na kikwembe cha yule mama kwenye mapaja yangu, nikaja kukikata hapa, nimefunga mlango.

Jambo hili linaniuma. Nimekuwa nalo miaka hii yote.

Kwa hiyo, siku ile mezani, likizo iliyopita, uliposema kwamba umeomba Idjwi, ulikuwa unanikanyaga kidonda bila kujua. Mimi nilikuwa nimekwisha kukutafutia nafasi kwa mteja wangu yule ambaye mume wake ni mkubwa wa ofisi: kiti kinachozunguka, dirisha linalotazama ziwa, na mashini ya kuandika. Kile kiti nilikuwa nimekitangaza soko zima la Kadutu. Ukatueleza kwamba kule kisiwani kuna shule ambayo wasichana wanaiacha mapema kwa sababu walimu hawakai, wanashuka kutoka kwenye mashua na kuanza kuulizia ya kurudi. Ukatusimulia tena habari za mwalimu wako wa Kifaransa, aliyekuwa anakubakiza darasani wengine wakienda nyumbani. Hakuwa anakuadhibu, alitaka tu kukusikiliza ukisoma kwa sauti, mpaka ukaacha kujificha nyuma ya daftari. Nami nikapaza sauti: "Nimeshona mpaka macho inaisha, juu uende kufundisha batoto ba kisiwa kuandika a, e, i? Unatupa masomo yako mu maji!"

Hukupaza sauti. Uliniuliza tu, "Maman, weye, nani alikufundisha kukata?"

Niliondoa sahani yangu. Papa wako, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alisema tu, "Mutoto akililia wembe, mupe," akaendelea kula. Nilimkasirikia yeye kwa sababu wewe sikuweza kukukasirikia.

Asubuhi yake nilifungua droo. Zawadi, huyu anayejifunza kwangu sasa, alikuwa peke yake kwenye ateliye, anatia uzi kwenye mashini. Aliposikia tu droo inalia, akainuka, akachukua ndoo, akaelekea mlangoni. Sikuwa nimemtuma! Miaka miwili tu kwangu, na tayari miguu yake ilikuwa inajua sauti ya droo kuliko masikio yake yanavyojua jina lake. Nilimwita. Akadhani amekosa kitu.

"Weka ndoo chini," nikamwambia. "Kuya huku. Shika hapa."

Umeona mwenyewe likizo hii jinsi alivyobadilika. Ulidhani ana mchumba. Unafanana na shangazi yangu. Si mchumba, ni mkasi. Mwanzoni aliharibu, na mimi nilisaga meno. Halafu akaacha kuharibu. Halafu, mwanangu, ikaja siku ambayo sikuitegemea. Mteja wangu wa zamani, mama wa kwaya, alileta kikwembe chake akaniambia mbele ya watu: "Leo muache ule mutoto akate. Yeye njo anajua mabega."

Nilisikia wivu. Nakuambia wazi, wivu wa kweli, kama wa mke mwenza. Kichwa kiliwaka. Nilimtazama Zawadi, naye akanitazama, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye ndoo. Alikuwa anasubiri nimtume. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Kwa hiyo nikachukua ndoo mimi mwenyewe, nikateremka bombani, nikapanga foleni na watoto, nikarudi na maji kichwani nimeloa mpaka mabegani. Nilikuta amekwisha kukata. Mabega yalikuwa mazuri. Afadhali kuliko yangu, Mungu ananisikia.

Hili nakuambia kwa sababu nadhani kwenye masomo yenu ya ualimu hawakulisema. Wanawaambia kwamba mtoto asiyeelewa atawachosha. Ni kweli, lakini huyo utamzoea. Atakayekuuma ni yule atakayekuelewa mpaka akupite. Siku hiyo ikifika, usijidharau kwa kusikia uchungu, na usimtafutie kosa. Chukua ndoo uende kuchota maji. Idjwi maji hayakosekani.

Kuna siku pia mtoto mmoja wa darasa lako atageuza ndege vichwa chini mbele ya watu wakubwa, mbele ya mkaguzi labda, au mbele ya wazazi. Simama mahali ambapo Maman Cibalonza alisimama. Utapata hasara kidogo, lakini mtoto yule ataishi na jambo hilo maisha yake yote, mimi ni shahidi. Na tafadhali, usiwaambie kila asubuhi kwamba umeacha mji na kiti kinachozunguka kwa ajili yao. Maman Cibalonza hakusema hata siku moja kwamba ananisaidia. Alisema upepo unamsumbua.

Nimemtumia Furaha ujumbe kwa dereva wa lori. Dereva amerudi na jibu: atakuja Noeli, na mtoto wake mgongoni, atakaa nasi mpaka ajue. Atalala kitandani mwako, kwa hiyo ukija likizo mtabanana. Sijui nitaanzaje kumtazama usoni. Nadhani nitaanza kwa kumwambia pale pa kuanzia, maana ndicho alichoniuliza.

Sasa, libaya hili, blauzi yako mpya.

Barua hii naikunjia ndani yake, ili usiione kabla hujafika na kufungua sanduku. Kitambaa utakijua. Ni kile cha kijani chenye maua ya manjano, alichoniletea papa wako ulipozaliwa. Nimekificha chini ya sanduku langu miaka yote hii, nikisema kitakatwa siku utakayoolewa. Ulikuwa ukiomba kukigusa ukiwa mdogo, nakuambia kanawe mikono kwanza. Hakuna kingine kama hicho, Bukavu nzima nimetafuta. Ukikikosea, umekikosea.

Juzi nilikitandaza mezani, nikautoa mkasi, nikaurudisha, nikautoa tena. Halafu nikamwita Zawadi, nikampa.

Alikataa. "Maman, hii hapana. Hii ni ya Nsimire." Nikamwambia ndiyo maana. Alipiga ishara ya msalaba, akatafuta kichwa cha ua kama nilivyomfundisha, akakata. Sitakudanganya: alipofika kwenye shingo nilifumba macho.

Mgongoni utaona mahali ambapo maua hayakutani vizuri, upande wa kushoto, chini kidogo ya bega. Yeye aliliona kosa hilo kabla yangu, akaanza kutokwa na machozi. Nikamwambia liko sawa, na kwa mara ya kwanza tangu niwe fundi nilisema hivyo kwa kweli. Usilifumue. Usimpelekee fundi mwingine alinyooshe. Livae hivyo hivyo Jumapili yako ya kwanza kanisani, wakuone.

Basi neno lako hili hapa. Nenda, Nsimire. Nakubali. Nakubali kwa moyo wote, na si kwa kushindwa. Nenda ukawashike watoto wale jinsi mwalimu wako alivyokushika wewe, nami nitakwenda sokoni Kadutu kutangaza upya, nianze na wale wale niliowatangazia kiti.

Nakupenda mno. Nilipaswa kuanza na hilo, lakini nimekuambia, mimi nazunguka.

Na wakikusifia libaya huko, wakikuuliza nani amekukatia, usiseme mama. Sema Zawadi wa Kadutu. Mimi nilishika kitambaa tu.

Mama yako